Lori Linagoma Asubuhi: Namna ya Kupima Betri na Mfumo wa Chaji Kwenye Kenta au Isuzu ya Zamani

Swali huja lilelile, kinachobadilika ni namba ya gari tu. Betri mpya mbili zimenunuliwa, alteneta imefunguliwa na kufungwa, na bado lori likilala siku mbili, asubuhi linagoma. Sasa ninunue nini?

Usinunue kitu bado. Ukimuuliza mwenye gari vipimo vyake, mara nyingi anakupa kimoja: "Mita ilisoma ishirini na nne na kitu." Kipimo hicho kimechukuliwa juu ya betri zote mbili kwa pamoja, na peke yake hakina maana kubwa. Betri moja nzima na nyingine mbovu zinaweza kukuonyesha 24 bila aibu yoyote.

Mwongozo huu ni wa malori ya dizeli ya zamani yenye umeme wa volti 24: Mitsubishi Canter, Isuzu NKR na NPR, na Fuso za pampu ya kawaida zisizo na kompyuta ya injini. Yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja ikiwa imefungwa kwenye hasi ya nyingine. Kama gari lako ni la betri moja ya volti 12, gawa kwa mbili vipimo vya mfumo mzima. Vipimo vya betri moja moja vinabaki vilevile.

Fuata hatua kwa mpangilio, usirukie. Alteneta haiwezi kupimwa kwa haki juu ya betri iliyokufa, na betri haiwezi kuhukumiwa kabla haijachajiwa.

## Vifaa

- Multimita ya dijitali inayopima volti za DC na AC, pamoja na ampea hadi 10. Ya bei nafuu inatosha, ila weka betri mpya ndani yake, maana mita yenye betri dhaifu hudanganya.
- Balbu ya indiketa ya volti 24, wati 21, kwenye kishikio chenye nyaya mbili. Itakufaa kuliko unavyodhani.
- Haidromita (kifaa cha kupima uzito wa asidi iliyo ndani ya betri), kama betri zako ni za maji na zina vifuniko.
- Spana namba 10, 12 na 13, brashi ya waya, msasa, kitambaa.
- Magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ya kuoshea ukungu wa asidi.
- Maji ya betri, glovu, miwani ya kukinga macho.
- Mtu wa kukaa kwenye usukani. Utingo anatosha.
- Kalamu na karatasi. Andika kila namba. Kichwa kikishapata moto juani, 12.4 na 12.9 hufanana.

## Kabla hujagusa kitu

Weka gari kwenye nyutro, vuta handibreki, weka mawe au vigingi kwenye matairi. Ukiinua kebini, hakikisha kile chuma cha kuishikilia kimeingia mahali pake na kimejifunga.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Sigara mbali, na usijaribu betri kwa kugusanisha spana ili uone cheche. Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua, anza na hasi inayokwenda kwenye chesisi. Unapofunga, iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba hasi ikiwa imeshatoka, spana ikiteleza ikagusa bodi wakati unafungua chanya, hakuna mzunguko wa umeme na hakuna moto.

## Hatua ya 1: Macho na mikono

Tikisa kila klampu kwa mkono. Ikizunguka hata kidogo, umepata kosa la kwanza. Ukungu mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya magadi hadi povu liishe, suuza kwa maji safi, kausha, piga msasa kichwa cha betri na ndani ya klampu mpaka ving'ae. Kaza kwanza, grisi ipakwe juu baada ya kukaza.

Fuata kebo ya ethi kutoka hasi hadi inapofungwa kwenye chesisi, kisha tafuta ile nyingine inayounganisha chesisi na injini au giaboksi. Hii ya pili husahaulika. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila kebo hiyo umeme wa stata unatafuta njia za panya: kebo ya akselereta, mabomba, popote. Ukikuta kebo ya kuzimia injini au ya akselereta imeungua ganda lake, usishangae, ndiyo iliyokuwa inabeba mzigo.

Angalia mkanda wa alteneta. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ushuke takriban milimita 10 hivi. Ubavu unaong'aa kama kioo ni mkanda unaoteleza. Kama iko miwili, badilisha yote pamoja.

Halafu tazama nyuma ya alteneta. Kwenye Kenta na Isuzu nyingi za zamani, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa alteneta na inalainishwa na oili ya injini kupitia mpira mdogo. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya alteneta, inalowesha kaboni (brashi zinazopeleka umeme) na pete za rota, ile sehemu inayozunguka, na chaji inakuwa ya kubahatisha: leo ipo, kesho haipo. Alteneta iliyolowa oili usiibadilishe kaboni tu. Badilisha sili kwanza, la sivyo kaboni mpya zitalowa vilevile. Kumbuka pia kwamba mkanda ukikatika kwenye gari la namna hii, nguvu ya breki inaondoka pamoja na chaji.

Mwisho wa hatua hii, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya chaji kwenye dashibodi lazima iwake. Andika kama inawaka au haiwaki, tutairudia Hatua ya 5.

Umefanikiwa ikiwa: hakuna klampu inayocheza, kebo zote mbili za ethi zipo na zimekaza, mkanda hautelezi, maji yamefunika bati za betri.

Maji yakiwa chini, ongeza maji ya betri. Usiongeze asidi. Kinachopungua kwenye betri kwa joto na kuchajiwa ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi, haidromita itakupa namba nzuri ya uongo huku bati zikiliwa.

## Hatua ya 2: Pima kila betri peke yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nenda polepole.

Gari liwe limepumzika saa kadhaa, usiku mzima ni bora zaidi. Kama limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache. Betri iliyotoka kuchajiwa ina volti za juujuu ambazo hazina nguvu nyuma yake, na zinapotosha.

Weka mita kwenye DC. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha chanya, risasi ile, si klampu. Nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri hiyohiyo. Kisha rudia kwa betri ya pili. Soma hivi:

- 12.6 hadi 12.7: imejaa.
- 12.4: ipo karibu robo tatu.
- 12.2: nusu.
- 12.0: robo.
- Chini ya 11.9: imekwisha, na kama imekaa hivyo siku nyingi huenda imeshaharibika.

Angalia pia tofauti kati ya betri mbili. Zikiachana kwa zaidi ya volti 0.2, kuna jambo. Mfano wa kawaida ni huu: ya kwanza 12.8, ya pili 11.7. Jumla 24.5. Mwenye gari anasema umeme upo, na gari halizungushi.

### Redio iliyofungwa kwenye betri moja

Kama tofauti hiyo ipo, kabla ya kulaumu betri fuatilia nyaya. Tafuta waya mwembamba, mara nyingi mwekundu au wa rangi isiyo ya kiwandani, uliofungwa pale betri mbili zinapoungana. Huo umechota volti 12 kwa ajili ya redio, chaja ya simu, au taa za LED za kwenye kebini. Kazi ya dakika tano, na inaua betri nyingi za malori yetu.

Inavyotokea ni hivi. Waya ule unakula kutoka betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi. Alteneta inaona jumla ya volti 28 na kitu, inaridhika. Haijui kwamba betri ya chini, hiyo ya upande wa chesisi, ina njaa na ya juu, mwenzake, imeshiba. Kwa hiyo ya juu inapewa volti 15 au zaidi, inachemka na kukausha maji. Ya chini inapewa 13 na ushei, haijai kamwe, na bati zake zinajaa salfeti. Redio yenye amplifaya inayokula ampea 3 kwa saa 10 imeondoa ampea-saa 30 kutoka betri moja. Hakuna alteneta itakayozirudisha kwa betri hiyo peke yake.

Dalili yake ni moja: betri moja inaongezwa maji kila mara na nyingine haijai kamwe. Ukinunua betri mpya mbili ukauacha waya ule, umenunua miezi michache tu.

Dawa ni konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12. Ingizo lake lichukue umeme juu ya betri zote mbili kupitia fyuzi, na liwashwe na swichi ya gari ili lisile umeme usiku. Chagua yenye ampea zaidi ya mzigo wako.

Hali kama hiyohiyo hutokea ukichanganya betri mpya na kuukuu, au ampea-saa 70 na 100. Betri za mfululizo ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Na kwa wanaojumlisha: betri mbili za ampea-saa 100 kwa mfululizo hazikupi 200. Volti ndizo zinazojumlishwa.

### Haidromita

Kwa betri za maji, pima kila chumba. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, nusu ni kama 1.190. Betri zilizotiwa asidi nyepesi kwa ajili ya nchi za joto husoma chini kidogo, kwa hiyo usishikilie namba moja tu. Linganisha vyumba. Chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 hata baada ya kuchaji, betri hiyo imekufa chumba hicho na hakuna kuifufua. Betri kavu haina vifuniko, hatua hii iruke.

## Hatua ya 3: Chaji, kisha ibebeshe mzigo

Betri iliyo chini ya 12.4 ichajiwe kwanza, kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12, ikiwa imeachanishwa na mwenzake. Ukizichaji kwa pamoja kwenye 24 unarudia yaleyale ya alteneta: iliyoshiba itazidishiwa. Chaji polepole usiku kucha, kisha iache ipumzike saa chache na upime tena. Isipofika 12.5, au ikifika na kuporomoka kabla ya jioni, iweke pembeni.

Sasa mzigo. Volti za betri iliyotulia hazisemi kama ina nguvu. Stata ndiyo inayosema. Zuia injini isiwake: vuta kebo ya kuzimia, au chomoa waya wa solenoidi ya dizeli (vali ya umeme inayofungulia dizeli) kwenye pampu. Weka ncha za mita kwenye betri ya kwanza. Utingo apige stata kwa sekunde 10 hivi. Soma namba wakati stata inazunguka, siyo baada. Subiri dakika moja au mbili stata ipoe, rudia kwa betri ya pili.

Kila betri ibaki juu ya 9.6, na nzuri hukaa 10 na zaidi. Betri moja ikibaki 10.8 na nyingine ikiporomoka hadi 8, mbovu umeipata, ingawa dakika moja iliyopita zote zilisoma 12.6.

Kuna wanaosema betri ilikuwa nzima Dar es Salaam ikafia Makambako. Si kweli kwamba baridi imeiua. Joto la pwani ndilo lililoila, na baridi ya asubuhi ya nyanda za juu, ambako oili inakuwa nzito na stata inaomba zaidi, ndiyo iliyoifichua. Kwa hiyo ukipimia Mombasa mchana, betri iliyopita kwa taabu ihesabu imefeli kama safari zako ni za Limuru au Njombe.

Umefanikiwa ikiwa: betri zote mbili zimejaa, hazitofautiani kwa zaidi ya volti 0.2 zikiwa zimetulia, na zote zinabaki juu ya 9.6 chini ya stata.

Kama betri zimepita na stata bado inazunguka kivivu, endelea Hatua ya 4. Kama stata ina nguvu, nenda moja kwa moja Hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Volti zinazopotea njiani

Kebo inaweza kuonekana nzima na ikawa imeoza ndani. Usiipime kwa ule mlio wa mita unaoonyesha kwamba waya haujakatika. Uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuifanya mita ilie. Stata inavuta mamia ya ampea, na kwenye kiwango hicho kasoro ndogo ni kubwa: ampea 200 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.01, volti 2 zimepotea.

Njia sahihi ni kupima kebo ikiwa kazini.

Upande wa chanya: ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha mwisho, ile chanya iliyobeba volti 24. Nyeusi kwenye boliti nene ya stata inayopokea kebo kutoka betri. Mita itasoma 0. Utingo apige stata. Namba itakayotokea ndiyo volti zilizopotea njiani. Ikizidi 0.5, kuna tatizo.

Upande wa ethi: nyeusi kwenye kichwa cha hasi kilichofungwa chesisi, nyekundu kwenye bodi ya stata, sehemu ya chuma kitupu. Piga stata. Ikizidi 0.3, kuna tatizo.

Usisahau kile kipande cha kebo kinachounganisha betri na betri. Pima kichwa kwa kichwa wakati stata inazunguka. Kiwe chini ya 0.2. Hiki hutengenezwa na yeyote kwa waya wowote, na mara nyingi ni chembamba mno.

Ukipata hasara, sogeza ncha hatua kwa hatua: kichwa hadi klampu, klampu hadi kebo, kebo hadi boliti. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Kebo zikipita zote na betri zikawa nzuri, stata yenyewe ifunguliwe.

## Hatua ya 5: Alteneta

Washa injini. Iache itulie dakika chache, kisha ipandishe hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Pima juu ya betri zote mbili kwa pamoja, na hapa ndipo kipimo cha jumla kina kazi.

27.6 hadi 28.8. Chaji ipo. Washa taa kubwa, waipa na feni ya kebini. Ishuke kidogo lakini isiende chini ya 27. Kisha pima kila betri peke yake injini ikiunguruma: ziachane kwa desimali tu. Moja ikiwa 13.2 na nyingine 15, rudi kwenye ule waya wa redio.

24 na kitu, sawa na injini ilipozimwa. Hakuna chaji. Injini ya dizeli ya pampu haihitaji umeme mwingi kuendelea kutembea, ndiyo maana dereva anaweza kusafiri mchana kutwa bila chaji asijue, mpaka taa zinapofifia usiku.

Zaidi ya 29.5. Regyuleta, kidhibiti cha volti za alteneta ambacho mafundi wengi wanakiita katauti, imeshindwa kuzuia. Balbu zitaungua moja baada ya nyingine na betri zote mbili zitachemka. Usisafiri hivyo.

Onyo. Kuna mtindo wa kuchomoa klampu ya betri injini ikiwaka ili "kuona kama alteneta inafanya kazi". Acha kabisa. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi, na muda huo mfupi unatosha kuua dayodi (vipande ndani ya alteneta vinavyogeuza AC kuwa DC), katauti na redio. Fundi akianza kufanya hivyo kwenye gari lako, mshike mkono.

### Kama hakuna chaji

Pima kwenye boliti nene ya alteneta yenyewe, ile yenye alama ya B, na ncha nyeusi kwenye bodi ya alteneta, injini ikiwaka. Angalia mkono na nguo zisikaribie mkanda na feni.

Ikiwa pale ni 28 au zaidi na kwenye betri ni 24, alteneta ni nzima. Umeme umekatika njiani: fyuzi kubwa ya chaji imeungua au kebo imeoza. Kabla ya kuweka fyuzi nyingine, jiulize kwa nini iliungua. Betri kufungwa kinyume, chanya kwa hasi, ni sababu ya kawaida, na ikitokea hivyo dayodi nazo huenda zimekwenda.

Ikiwa pale nako ni 24, rudi kwenye taa ya chaji. Je, iliwaka swichi ilipowashwa? Kwenye alteneta nyingi za aina hii, umeme mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha rota. Balbu ikiungua, alteneta inalala. Waliobadilisha balbu za dashibodi wakaweka LED wakati mwingine wanajikuta hapa: LED inapitisha umeme mdogo mno, na chaji inaanza tu ukipandisha resi sana.

Kupima, zima injini, chomoa soketi ndogo ya alteneta, washa swichi. Chukua ile balbu ya wati 21. Waya mmoja kwenye bodi, mwingine gusa waya wenye alama L kwenye soketi.

- Taa ya dashibodi inawaka na balbu yako haiwaki: waya na taa ni vizima. Kosa liko ndani ya alteneta, anza na kaboni, kisha katauti.
- Hakuna kinachowaka: balbu ya dashibodi, fyuzi au waya umekatika.
- Balbu yako inawaka kwa nguvu: umegusa waya mwingine, ule unaoleta umeme wa swichi. Ndiyo faida ya kutumia balbu badala ya kipande cha waya. Ungekuwa umeshaunguza fyuzi.

### Kama chaji ni ndogo au betri zinachemka bila sababu

Geuza mita iwe AC, pima juu ya betri injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 na taa zimewashwa. Alteneta nzima hutoa AC kidogo sana. Ikizidi volti 0.5, dayodi moja au zaidi imekufa. Dalili nyingine ya dayodi ni redio kuvuma sauti inayopanda na kushuka na injini.

Halafu pima upotevu kama kwenye stata: nyekundu kwenye B, nyeusi kwenye chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zote zimewashwa. Zaidi ya 0.5 ni kebo mbovu. Ethi: bodi ya alteneta hadi hasi ya betri, isizidi 0.2. Alteneta iliyopakwa rangi upya gereji hufeli hapa mara nyingi kwa sababu rangi imekaa kati yake na braketi.

## Hatua ya 6: Umeme unaovuja usiku

Hatua hii ni kwa wale ambao chaji ipo, betri zimepita, na bado gari likilala linagoma.

Zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo. Fungua hasi inayokwenda chesisi. Kati ya kichwa cha betri na klampu hiyo weka ile balbu. Ikiwaka, hata kwa wekundu hafifu, kuna mvujo mkubwa. Tangulia na balbu kabla ya ampea za mita, kwa sababu mvujo mkubwa utaunguza fyuzi ya mita yako.

Balbu isipowaka, weka mita kwenye ampea 10, ncha nyekundu ihamie tundu la 10A, na uiweke mahali palepale. Usiwashe swichi wala kupiga stata mita ikiwa hapo. Lori la zamani lisilo na vifaa vingi lisome chini ya 0.05, yaani miliampea 50. Kifaa cha kufuatilia gari huongeza kidogo, jua chako kinakula kiasi gani.

Hesabu yenyewe: mvujo wa ampea 0.5 kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60, unaondoa ampea-saa 30. Betri mpya ya 100 itawasha. Ya miaka mitatu iliyobakiwa na nusu ya uwezo haitawasha.

Ukipata mvujo, chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Inaposhuka ghafla, umepata njia. Sasa fuata kilichomo kwenye njia hiyo. Taa ya boksi la zana na rile (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyogandana ni wageni wa kawaida.

Ikiwa umechomoa fyuzi zote na namba haijashuka, ondoa mita na uiache klampu ikiwa imefunguliwa kabla ya kugusa kebo ya B ya alteneta. Toa kebo hiyo kwenye boliti, ifunge kwa utepe wa umeme isiguse chuma, rudia kipimo. Mvujo ukiisha, dayodi za alteneta zinapitisha umeme kinyumenyume. Alteneta ya namna hii inaweza kuchaji 28 safi mchana na kuzinyonya betri usiku, ndiyo maana mafundi wengi wanaipitisha.

## Hatua ya 7: Baada ya matengenezo

Badilisha kile tu ambacho vipimo vimekitaja. Betri zikibadilishwa, ziwe mbili kwa pamoja, na zishikwe kwa kishikio kilichokaza. Mtikisiko wa barabara ya vumbi huvunja bati za ndani hata kwenye betri mpya. Alteneta ikirudi kutoka kwa fundi, ifunge na urudie Hatua ya 5 mbele yake kabla hujalipa.

Gari likifa njiani kabla hujamaliza kazi, libusti kwa gari jingine la volti 24 tu. Pikapu ya volti 12 haitakusaidia.

Kipimo cha mwisho ni cha kusubiri. Tembea safari ya kawaida, zima, acha gari lilale. Asubuhi pima kila betri: 12.6 au zaidi, zote mbili zikifanana. Liache siku mbili zaidi bila kuguswa, pima tena. Isishuke zaidi ya volti 0.1. Moja ikishuka na nyingine ikabaki, chomoa betri hiyo ikae peke yake usiku mzima: ikiendelea kushuka ikiwa haijaunganishwa na kitu, irudishe dukani ndani ya muda wa garantii. Zikishuka zote mbili sawasawa, rudi Hatua ya 6 na uanze na kebo ya B.